Togakushi kwa miguu: jinsi ya kuzuru mahekalu matano ya mlimani Japani

Watalii wengi wanaokwenda Togakushi hupanda basi mjini Nagano, huteremka kwenye lango la hekalu la juu kabisa, hupita katikati ya ile mierezi mirefu inayojaa kwenye picha za mitandaoni, hupiga picha zao, na ikifika saa nane mchana wamesharudi mjini kunywa kahawa. Miti wameiona. Togakushi yenyewe wameionja tu, kwa sababu si hekalu moja. Ni mahekalu matano ya Shinto, dini ya asili ya Wajapani, yamepangwa mlimani kutoka chini hadi juu, na miungu wanaoabudiwa humo karibu wote wanatoka katika kisa kimoja. Anayeanzia juu anaanza hadithi mwishoni. Mimi nitakupeleka kuanzia chini, kwa siku moja ndefu, au mbili kama una nafasi.

Kisa chenyewe kijue kabla hujafunga begi. Amaterasu, mungu wa kike wa jua, alichoshwa na vurugu za mdogo wake Susanoo, akajifungia kwenye pango. Dunia ikawa giza. Miungu wenzake wakakusanyika kutafuta dawa. Omoikane, mwenye hekima, akatoa shauri: tumvute kwa udadisi. Uzume akacheza ngoma mbele ya pango bila haya yoyote, miungu wakaangua kicheko, na Amaterasu akafungua upenyo kidogo achungulie wanacheka nini. Tajikarao, mwenye nguvu za ajabu, alikuwa amejibanza pembeni. Akaushika ule mlango wa jiwe, akautupa mbali, na mwanga ukarudi. Watu wa huku wanasema mlango huo uliangukia kwao na ndio Mlima Togakushi, wenye kilele cha mita 1,904. Ukiuona ule ukuta wa miamba uliosimama wima kama umechanwa kwa msumeno, hutapata shida kuelewa walikotoa wazo hilo.

Chagua msimu kabla ya kununua tiketi

Togakushi iko juu ya mji wa Nagano, katikati ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, na theluji ya huko si ya mapambo. Hekalu la juu, Okusha, liliwahi kubomolewa na maporomoko ya theluji mwaka 1978, ndiyo maana jengo utakaloliona leo ni la zege, limebanwa kwenye mwamba. Baada ya shamrashamra za Mwaka Mpya, mapema Januari, ofisi za huko juu hufungwa, na hazifunguliwi hadi Aprili. Wapo wanaopanda wakati huo wakiwa na viatu maalumu vya theluji. Kama umekulia Tanga au Mombasa na theluji umeizoea kwenye televisheni, waachie wao.

Ukiniuliza mimi, nenda nusu ya pili ya Oktoba, majani yanapogeuka manjano na mekundu, ingawa usitegemee kuwa peke yako. Mwisho wa Mei pia ni pazuri: kijani kibichi na watu wachache. Juni hadi katikati ya Julai ni majira ya mvua. Agosti, Tokyo ikiwa inachemka kwa joto na jasho, huku juu watu wanatembea kwa raha zao.

Kuhusu mwinuko usihofu. Okusha iko kwenye mita 1,350 hivi kutoka usawa wa bahari, chini ya Nairobi. Kitakachokutoa pumzi ni ngazi.

Karatasi, fedha na begi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Japani, na huombwa kabla ya safari. Anza mapema, kwa sababu utatakiwa kuonyesha ratiba ya kila siku na ushahidi wa fedha. Ndugu zetu wenye pasipoti za Marekani na nchi nyingi za Ulaya huingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki haipo; wengi hubadilisha Doha, Dubai au Addis Ababa.

Beba yeni taslimu. Tokyo kadi inapita karibu kila mahali, lakini mlimani maduka mengi ya chakula, masanduku ya sadaka na meza za mahekalu bado yanataka noti na sarafu. Tafuta chenji ukiwa stesheni, hasa sarafu za yeni 5, 10 na 100.

Viatu viwe raba zenye meno au buti nyepesi. Ndala na viatu vya kisigino viache hotelini. Koti la mvua hata kama anga ni safi, maji, na mfuko wa plastiki wa takataka zako, maana mapipa ya taka hayapo njiani na hakuna anayetupa chini. Halafu kengele. Misitu hii ina dubu weusi, na mabango yenye picha ya dubu si mzaha. Kengele ndogo ya kufunga kwenye begi humpa dubu taarifa mapema kwamba unakuja, naye hujiondokea. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya kupandia milima. Ukiikosa, ongea na mwenzako kwa sauti ya kawaida, na vyakula vyenye harufu kali visining'inie nje ya begi.

Tokyo hadi Nagano

Panda treni ya kasi, Shinkansen, ya njia ya Hokuriku kutoka stesheni ya Tokyo au Ueno. Zile ziitwazo Kagayaki hufika Nagano kwa dakika 80 hivi, ila viti vyake vyote ni vya kukatiwa nafasi mapema. Hakutaka huchelewa kidogo, na Asama zaidi kwa vile husimama vituo vingi, lakini hizo zina mabehewa ya kukaa popote. Nauli ni zaidi kidogo ya yeni 8,000 kwenda tu.

Mswahili ajihadhari na saa. Ratiba za Japani huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 07:00 ni saa moja yetu ya asubuhi na 13:00 ni saa saba mchana. Unalijua hilo, najua, lakini usingizi wa safari ndefu humfanya mtu asome 07:00 akaenda saa saba. Treni haitamngoja, na huku hakuna kondakta wa kumbembeleza.

Ukifika Nagano, kumbuka kwamba mji huu una kumbukumbu ya Mkenya. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998 ilifanyika hapa, na Philip Boit akawa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo, kwenye mbio za kuteleza kwenye theluji za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Mashindano yenyewe yalikuwa Hakuba, upande mwingine wa milima hii hii.

Lala Nagano usiku huo. Begi kubwa liache hotelini au kwenye makabati ya kukodi ya stesheni.

Basi la asubuhi

Toka stesheni kwa mlango wa upande wa Zenkoji, hekalu kubwa la Kibuddha la mji huu. Mabasi ya Togakushi ni ya kampuni ya Alpico, na ofisi yake ya tiketi iko ng'ambo ya uwanja wa stesheni. Nunua hapo tiketi ya kwenda na kurudi ili usihangaike na chenji ndani ya basi. Kama huna tiketi, panda kwa mlango wa nyuma na uchukue kikaratasi chenye namba kinachochomoza kwenye kisanduku. Wakati wa kushuka, tazama ubao ulio juu ya dereva: chini ya namba yako kuna nauli. Tumbukiza pesa kamili pamoja na kikaratasi kwenye mashine iliyo kando yake. Noti ya yeni 1,000 huvunjwa na mashine hiyo hiyo, basi likiwa limesimama. Noti kubwa huwa ni tatizo.

Piga picha ratiba ya kurudi kabla ya kupanda. Mabasi ni machache, hupungua zaidi wakati wa baridi, na la mwisho huondoka mapema kuliko unavyodhani.

Safari huchukua saa moja hivi, barabara ikipanda kwa kona. Anayetapika garini akae mbele. Kituo chako kinaitwa Hokosha. Wengi watabaki wamekaa, wanaelekea juu. Wewe shuka.

Hokosha na adabu za mlangoni

Mbele yako kuna torii, lile lango la nguzo mbili na boriti juu. Hapo ndipo eneo takatifu linapoanza. Wajapani husimama, huinamisha kichwa kidogo, ndipo wanapita, na wakitoka hugeuka na kuinama tena. Kwenye njia tembea pembeni, kushoto au kulia. Katikati huachwa kwa ajili ya mungu wa mahali. Hakuna atakayekukemea ukisahau, ila bibi kizee wa nyuma yako ameona.

Kuna birika la maji la kunawia. Kwa Mwislamu mambo haya yatafanana kidogo na udhu, lakini utaratibu ni mwingine na mfupi. Shika kata kwa mkono wa kulia, chota maji mara moja tu, maana yanatakiwa yatoshe kwa yote. Mwagia mkono wa kushoto. Hamishia kata mkono wa kushoto, mwagia wa kulia. Irudishe kulia, jaza maji kidogo kiganja cha kushoto, sukutua kimyakimya na uteme chini pembeni, kamwe usiteme ndani ya birika. Usinywe kwenye kata. Mwagia tena mkono wa kushoto, kisha isimamishe kata wima ili maji yaliyobaki yaoshe mpini, na uilaze ilipokuwa. Sehemu nyingine kata ziliondolewa wakati wa korona na hazikurudi. Maji hutiririka kwenye mianzi, nawa tu.

Sasa ngazi. Ni za mawe, zinazidi 270, zimenyooka kwenda juu katikati ya miti, na mawe yake hayalingani. Panda polepole. Kuna njia ya kuzunguka yenye mwinuko wa taratibu kwa wenye magoti mabovu. Jengo lililo juu ni la mbao zilizochongwa kwa ufundi mkubwa: tazama chini ya paa, kwenye vichwa vya nguzo, utaona wanyama wakichungulia. Hapa anaabudiwa Uwaharu, mtoto wa yule Omoikane mwenye shauri.

Mbele ya jengo kuna sanduku la sadaka. Anayeomba hutumbukiza sarafu bila kuirusha kwa kishindo, huinama mara mbili kwa kina, hupiga makofi mawili, huomba kimoyomoyo, kisha huinama mara moja zaidi. Yeni 5 inatosha, na kiasi hakionyeshi uchamungu wa mtu. Usisimame katikati ukipiga picha watu wakiwa nyuma yako kwenye foleni. Ndani ya ukumbi wa ibada usipige picha kabisa, na droni usiifikirie.

Najua swali linalokuja: mimi ni Mwislamu, au mimi ni mlokole, nifanyeje? Kuzuru si kuabudu. Mahekalu haya hayana kiingilio, cha fedha wala cha imani. Simama pembeni, vua kofia ya jua, nyamaza, tazama. Hakuna kuhani atakayekulazimisha kupiga makofi, na Wajapani wenyewe wengi hawataudhika ukikaa kando. Kinachowaudhi ni kelele na mzaha, mtu kuigiza ibada yao ili mwenzake acheke kwenye video. Anayehitaji kuswali, kibla kutoka huku ni magharibi kuelekea kaskazini kidogo. Tafuta sehemu nje ya eneo la hekalu, chumba cha nyumba ya wageni kikiwa bora kuliko vyote.

Njia ya msituni hadi Hinomikosha

Kulia kwa Hokosha kuna njia ya udongo inayoingia msituni, yenye vibao. Usirudi barabarani. Hii ndiyo njia ya mahujaji, tambarare kiasi, na asubuhi huwa ni wewe na ndege tu. Baada ya mwendo mfupi utafika Hinomikosha, hekalu dogo kuliko yote, la Uzume yule mcheza ngoma. Wasanii, wacheza dansi na wanamuziki huja kumwomba yeye. Kuna mierezi miwili iliyoungana shinani, inayoitwa mume na mke. Dakika kumi zinatosha, kisha endelea.

Chusha, na chakula cha mchana

Chusha, hekalu la kati, ndiko anakoabudiwa Omoikane, na ndiyo kitovu cha kijiji. Mierezi yake mitatu mikuu, iliyosimama kwa umbo la pembetatu, inakisiwa kuwa na zaidi ya miaka 800. Simama chini ya mmoja na uinue kichwa mpaka shingo iume. Kwenye dari la ukumbi wa ibada kuna joka kubwa. Mchoro wa asili ulikuwa wa Kawanabe Kyosai, mchoraji mashuhuri wa karne ya 19, ukateketea kwa moto; uliopo umechorwa upya kwa kufuata ule. Huonekana hata ukiwa umesimama nje.

Hapa fanya jambo moja ambalo kwingine halifanyiki hivi. Mahekalu mengi ya Japani hukuuzia karatasi ya bahati unayoichomoa mwenyewe kisandukuni. Togakushi unaikabili meza, unamweleza kuhani umri wako, anaingia ndani, anakuombea, halafu anarudi na karatasi yako akiishika kwa mikono miwili. Umri wenyewe ni wa hesabu ya zamani: mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja, na kila Mwaka Mpya huongeza mwingine. Ukizaliwa 1990, mwaka 2025 wewe ni 36, haijalishi mwezi. Uandike kwenye simu umwonyeshe. Pokea kwa mikono miwili, kama unavyopokea kitu kwa mkubwa nyumbani. Maandishi ni Kijapani kizito ambacho hata programu ya kutafsiri hubabaika nacho, na binafsi sioni ubaya wa kuiweka bila kuielewa.

Kama unakusanya mihuri ya mahekalu, nunua daftari lake maalumu mwanzoni mwa ziara. Kuhani huandika kwa brashi na kugonga muhuri mwekundu kwa yeni mia kadhaa. Usimpe daftari la shule wala risiti. Muhuri huu wanauheshimu.

Ikifika saa tano na nusu, nenda ukale. Usingoje saa sita, foleni itakuwa imetoka nje. Togakushi inajulikana Japani nzima kwa soba, tambi nyembamba za rangi ya kijivujivu zinazotokana na nafaka ndogo yenye pembe tatu inayopenda baridi ya milimani. Mashamba yake utayaona kando ya barabara, yakichanua maua meupe mwisho wa kiangazi. Kwenye duka lenye watu, jiandike kwenye daftari la mlangoni au chukua namba, kaa nje, utaitwa.

Agiza ile ya baridi. Italetwa juu ya ungo wa mianzi wa mviringo, unaosukwa kijijini hapa hapa, ikiwa imekunjwa vifungu vidogo vitano vilivyopangwa safu kama matuta ya viazi, bado vikidondoka maji. Shika kifungu kwa vijiti, chovya ncha tu kwenye kikombe cha mchuzi, uvute kwa sauti. Kufyonza kwa kelele hapa ni ustaarabu, ingawa mama yako angekufinya. Kando kuna figili iliyoparuzwa na majani ya vitunguu. Ukimaliza, utaletewa birika jekundu au jeusi lenye maji ya moto, mazito, meupemeupe. Ni maji yaliyochemshia zile soba. Mimina kwenye mchuzi uliobaki, unywe.

Tahadhari mbili. Soba humdhuru vibaya mwenye mzio nayo, na mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Na mchuzi hupikwa kwa samaki mkavu na mara nyingi divai tamu ya mchele. Anayejizuia na kileo aulize, au ale kwa chumvi tu, kama wanavyofanya hata baadhi ya Wajapani wanaotaka ladha ya nafaka yenyewe.

Barabara ya kijiji ina nyumba za wageni za mahujaji, kubwa, nyingine zikiwa na mapaa manene ya nyasi. Serikali ya Japani iliuweka mtaa huu kwenye orodha ya maeneo ya majengo ya kihistoria yanayolindwa mwaka 2017. Ingia kwenye duka moja la mianzi umtazame fundi akisuka ungo. Bei itakushtua. Ukishaona kazi yake, mshtuko utapungua.

Njia ya kale kwenda juu

Kutoka Chusha unaweza kupanda basi hadi mwanzo wa njia ya Okusha kwa dakika chache. Kama miguu bado ina nguvu, fuata njia ya kale. Utapita Nyonindo, mahali palipokuwa na nyumba ndogo ya ibada ya wanawake. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuvuka hapo. Waliswali wakielekea mlimani na kurudi. Kuna jiwe linaloitwa la mtawa, na ngano yake inasema mtawa wa kike alilazimisha kupita, akageuka jiwe. Leo wanawake wanapanda hadi juu kwenye Okusha kama kila mtu, na wengi wao hulipita jiwe hilo bila kusimama. Ningekuwa wao ningesimama, angalau nilisalimie.

Okusha

Lango la Okusha lina torii, kijito, na jiwe la kumwamuru mpanda farasi ashuke. Vyoo viko hapa, vitumie. Kutoka hapa ni kilomita 2, dakika 40 hivi, na kuanzia saa nane mchana makundi huanza kupungua.

Kilomita ya kwanza ni tambarare, imenyooka kama uzi. Katikati ya safari lipo lango jekundu la Zuishinmon, lililojengwa 1710, paa lake la nyasi nene likiwa limeota majani na miche juu yake. Ndani ya lango leo wamekaa walinzi wa Kishinto, lakini lilijengwa kwa ajili ya sanamu za Kibuddha. Kwa karne nyingi Togakushi ilikuwa mahali pa dini zote mbili kwa pamoja, Ubuddha na Shinto, ikiitwa Kenkoji, na watawa wake walijifunza kwa kupanda miamba na kujinyima. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru dini hizo zitenganishwe. Sanamu za Kibuddha zikaondolewa, watawa wakawa makuhani wa Shinto, na zile nyumba za wageni ulizoziona Chusha zimo mikononi mwa vizazi vyao. Ukilijua hili, lango hili linakuwa na uzito kuliko miti iliyo nyuma yake.

Ila miti nayo! Ukipita tu, hewa inabadilika, inakuwa ya ubaridi na harufu ya utomvu. Mierezi ya miaka 400, iliyopandwa zama za watawala wa Tokugawa, imesimama pande zote mbili kwa nusu kilomita. Usitoke njiani kwenda kuikumbatia. Mizizi yake iko juujuu na nyayo za watu zinaiumiza.

Baada ya mierezi njia inainuka kwa ngazi za mawe zisizolingana, nyingine za kimo cha goti. Hapa ndipo utakapojua kama ulilala vizuri. Pumzika, wapishe wanaoshuka, na ukiwa na mzee, mpe mkono kwenye kushuka zaidi ya kupanda.

Juu kuna mahekalu mawili pamoja. Okusha ni la Tajikarao aliyeutupa mlango, na nyuma yake ukuta wa mwamba umesimama kabisa. Kushoto, dogo zaidi, ni Kuzuryusha, la joka lenye vichwa tisa, ambalo halimo kwenye kisa cha pango. Lenyewe lilikuwepo, wenyeji wanasema, kabla ya hao wengine. Ndilo lenye maji: wakulima waliliomba mvua, na wenye maumivu ya meno waliapa kuacha mapeasi, tunda linalopendwa na joka hilo, ili jino lipone. Anzia Kuzuryusha kama unataka kumheshimu mwenyeji kwanza.

Kando ya Okusha kuna njia ya kupanda kilele cha Mlima Togakushi. Usiifuate. Ina minyororo, na kuna ukingo mwembamba wa mwamba ambapo watu hutambaa kwa magoti, bonde likiwa kushoto na kulia. Wameshakufa watu hapo, wakiwemo wapandaji wazoefu.

Kulala au kurudi

Kulala kwenye nyumba ya mahujaji ni bora kuliko kukimbizana na basi, kama mfuko unaruhusu: ni zaidi ya yeni 10,000 kwa mtu, pamoja na chakula cha jioni na asubuhi. Weka nafasi mapema na ueleze vyakula usivyokula wakati wa kuweka nafasi, si ukiwa mezani. Viatu huvuliwa mlangoni. Bafu ni la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, bila nguo hata kidogo. Unajisugua na kujisuuza kwanza ukiwa umekaa kwenye kigoda, ndipo unaingia kwenye maji ya moto kutulia. Asiyeweza hilo atafute nyumba yenye bafu chumbani. Ukiletewa kikombe cha pombe ya mchele iliyobarikiwa, kukataa kwa kuinamisha kichwa na tabasamu kunatosha.

Aliyelala huku ana faida ya alfajiri: ziwa dogo la Kagami-ike, linalofikiwa kwa njia ya msituni kutoka karibu na Zuishinmon, huakisi mlima mzima kabla upepo haujaamka. Baada ya saa tatu asubuhi huwa ni maji yenye mikunjo tu.

Anayerudi siku hiyo hiyo awe ameanza kushuka kutoka Okusha saa tisa alasiri, na awe kituoni dakika kumi kabla ya basi, maana likijaa hutasimama kwa raha saa nzima ya kona. Ukilikosa la mwisho, nenda duka lolote lililo wazi uombe wakuitie teksi. Itakuja kutoka mbali, utaingojea, na utalipa nauli inayokaribia ya treni ya Tokyo.